Twisheni ya bukukipingi na komesi: moja lipia, nyingine acha

Nimemaliza kidato cha nne mchepuo wa biashara, na wadogo zangu wa shule hawaishi kuniuliza kama ile twisheni ya bukukipingi (kutunza hesabu za biashara) na komesi (somo la biashara) niliyosoma Mwananyamala, Dar es Salaam, ina maana yoyote. Nawajibu wote hapa. Kituo sikitaji jina, maana yapo mambo ambayo hayakunifurahisha.

Ada ni elfu kumi na tano kwa mwezi kwa kila somo. Mimi nilichukua mawili.

Bukukipingi iko vizuri sana. Shuleni tulishakariri "mpokeaji debiti, mtoaji krediti" (debiti ni upande wa kushoto wa akaunti, krediti wa kulia) mpaka basi, ila swali likigeuzwa kidogo darasa zima kimya. Huyu ticha alikuja na daftari la mangi wa duka la jirani, limekunjamana na lina madoa ya mafuta, akataka kila mstari tuseme umegusa akaunti zipi mbili. Mangi kabeba kilo mbili za unga kwenda nazo nyumbani. Wengi tulidakia kuwa ni mauzo. Wapi! Ni mali aliyochukua mwenyewe: unadebiti akaunti ya vitu alivyochukua, unakrediti manunuzi, na mwisho wa mwaka mtaji wake unapungua. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kwenye mizania, ile taarifa ya mali na madeni ya biashara, mtaji unakaa upande mmoja na wadai. Duka linadaiwa na mwenye duka.

Halafu kuna urari usiobalansi, yaani ile orodha ya akaunti zote ambayo jumla ya debiti na ya krediti inabidi zilingane, ugonjwa wetu sote. Wengi wakiona pande hazilingani wanafuta kurasa mbili na kuanza upya huku muda unakwenda. Ticha akatufundisha kuihoji ile tofauti. Tuseme ni 900. Inagawanyika kwa tisa? Basi tafuta tarakimu zilizopinduka, mfano 5,400 imeandikwa 4,500. Hukuona? Gawa kwa mbili, utafute 450 iliyokaa upande usio wake, kwa sababu kosa la namna hiyo huzaa tofauti mara mbili. Si dawa ya kila kitu, lakini mimi imeniokoa mara nyingi. Na ukibalansi usishangilie mapema: baiskeli ya duka ukiiandika kwenye manunuzi, ambayo ni ya bidhaa za kuuza tu, urari utalingana vizuri tu, na faida itakuwa ya uongo.

Anafafanua kwa Kiswahili, majibu mnaandika kwa Kiingereza kwa kuwa pepa ya NECTA, baraza la mitihani la taifa, ni ya Kiingereza. Kwangu huo ndio utaratibu unaofaa.

Sasa komesi. Kusema kweli, ile pesa ningenunulia chipsi. Ticha ni mwingine, anasoma notsi, nanyi mnanakili. Tulipofika kwenye bima niliuliza kama mangi anaweza kulikatia bima duka la jirani yake, likiungua alipwe yeye. Akaniambia niendelee kuandika. Na swali lenyewe ndilo kiini cha mada! Hawezi, kwa sababu duka likiungua yeye hapati hasara yoyote. Hilo nilikuja kulisoma mwenyewe.

Darasa nalo linajazwa kupita kiasi, hasa kuanzia Septemba, kidato cha nne wanapokumbuka kuwa mtihani ni Novemba. Wakati huo ticha hawezi kupitia daftari la kila mtu, na bukukipingi bila kusahihishiwa ni kupoteza muda. Anza kidato cha tatu, likizo ya Juni, watu wakiwa wachache.

Kwa hiyo lipia bukukipingi peke yake. Komesi tafuta pepa zilizopita, kaeni watu watatu au wanne mfanye maswali na kubishana. Nenda na kaunta buku na rula, ticha hasahihishi akaunti iliyochorwa kwa mkono. Na wahi benchi la mbele, feni ni moja tu na iko huko.