Kura za maoni kabla ya uchaguzi: zinakufaa wapi, zinakuangusha wapi

Tafiti zilizochapishwa siku za mwisho kabla ya Wakenya kwenda debeni Agosti 9, 2022 zilimweka Raila Odinga mbele katika mbio za urais. Kampuni ya utafiti ya TIFA ilimpa asilimia 46.7 dhidi ya 44.4 za William Ruto, na kampuni nyingine mbili, Ipsos 47 kwa 41, Infotrak 49 kwa 42. Tume ya uchaguzi ilipotangaza matokeo Agosti 15, Ruto alikuwa na kura 7,176,141, sawa na asilimia 50.49, naye Raila 6,942,930, asilimia 48.85. Wengi wakaamua papo hapo kwamba tafiti zote ni porojo.

Zirudie hizo takwimu taratibu. Kiwango cha Raila kilipatikana karibu kabisa: Infotrak haikukosea hata nusu pointi, TIFA na Ipsos zilimkosa kwa pointi 2 hivi. Waliyemkosa ni Ruto, kwa pointi 6 hadi 9. Makosa yaliangukia upande mmoja, na karibu yote yalikuwa ndani ya safu ambayo magazeti huifinya chini kabisa ya jedwali: "hawajaamua" pamoja na "wamekataa kusema". Anayetaka kuzitumia tafiti hizi vizuri kuelekea uchaguzi wa Agosti 10, 2027 aanze na safu hiyo, kisha ndipo apande juu kwa wagombea.

Mhojiwa anayekataa kusema si lazima awe hajaamua. Mwaka ule, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa amesimama na Raila tangu kusalimiana kwao kwa kupatana Machi 9, 2018, na machifu, maafisa wa serikali na wazee wa Mlima Kenya walikuwa wakivuta upande huo. Mtu wa Murang'a anayepigiwa simu na asiyemjua, akaulizwa atampigia nani kura, ana sababu nzuri ya kujibu "bado nafikiria". Ndivyo tunavyolisoma pengo lile. Martha Karua alipotajwa kuwa mgombea mwenza wa Raila Mei 16, 2022, tafiti zilionyesha Raila akipanda, lakini Kirinyaga, nyumbani kwa Karua, ilimpa Ruto kura zake kwa wingi mkubwa. Kupanda kwenye karatasi hakukuwa kuhama kwa wapiga kura.

Kwa hiyo ukipata utafiti, fanya hesabu mbili kwa kalamu. Kwanza, gawa wasiojibu kwa uwiano wa waliojibu. Pili, wape wote yule ambaye wenye mamlaka ya eneo lile hawamtaki. Matokeo halisi mara nyingi hukaa kati ya hizo mbili. Mwaka 2022 yaliegemea ya pili. Kama hesabu hizo mbili zinatoa washindi tofauti, utafiti huo haujakuambia nani anaongoza, hata kichwa cha habari kiseme nini.

Halafu angalia sampuli, yaani watu waliohojiwa. Watu 1,000 waliochaguliwa vizuri wana kiwango cha makosa cha pointi 3 hivi juu na chini; watu 1,500, pointi 2.5, watu 2,400, pointi 2. Kuongeza watu kunagharimu sana na kunapunguza makosa kidogo tu, ndiyo maana kampuni nyingi huishia kwenye 2,000 hivi. Jambo ambalo wasomaji wengi hawaambiwi ni kwamba kiwango hicho ni cha kila mgombea peke yake. Tofauti kati ya wawili wanaokabana ina kiwango cha makosa kinachokaribia mara mbili. Pointi 2.3 za TIFA mwaka 2022 hazikuwa uongozi wa kutangazia mtu yeyote.

Ukishuka kwenye maeneo, utafiti unaharibika haraka. Gawa watu 2,000 kwa kaunti 47 upate watu 42 au 43 kwa kila kaunti, yaani makosa ya pointi 15 hivi. Kwa hiyo kichwa cha habari cha "fulani apoteza umaarufu Kwale" kilichotolewa kwenye utafiti wa kitaifa hakina msingi. Hata kwa Pwani nzima, watu wasiofika 200 wanaacha makosa ya pointi 7. Katiba, kifungu cha 138, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura na angalau asilimia 25 katika kaunti 24. Sharti hilo la pili haliwezi kupimwa na utafiti wa ukubwa huu, basi usimsikilize anayedai amelipima.

Kasoro kubwa kuliko zote, kwa maoni yetu, ni kwamba utafiti unahesabu watu wazima kwa uwiano wa sensa, ilhali uchaguzi unahesabu waliojitokeza. Daftari la 2022 lilikuwa na wapiga kura 22,120,458. Waliopiga kura ni kama asilimia 65, baada ya asilimia 86 mwaka 2013 na karibu 79 mwaka 2017. Vijana wa miaka 18 hadi 34 walikuwa chini kidogo ya asilimia 40 ya daftari, na idadi yao ilikuwa imeshuka kuliko 2017. Mombasa, ngome ya Raila, haikufikisha nusu ya waliojiandikisha, na uchaguzi wa gavana ulikuwa umeahirishwa hadi Agosti 29 kwa sababu ya mkanganyiko wa karatasi za kura. Mfuasi anayebaki nyumbani huhesabiwa kwenye utafiti na hahesabiwi kwenye fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo cha kura. Utafiti mzuri huuliza maswali matatu kabla ya lile la mgombea: umejiandikisha, ulipiga kura mara iliyopita, utajitokeza kwa hakika? Kisha hutoa jedwali la wale waliojibu ndiyo kwa yote. Jedwali hilo likikosekana, punguza imani yako katika ngome zenye vijana wengi na katika miji.

Namna ya kuhoji nayo ina mitego yake. Mahojiano ya ana kwa ana nyumbani yanayofanywa mchana huwakosa bodaboda, mama mboga na wafanyakazi wa mashambani. Simu huwakosa wasio na laini na walio katika maeneo ya mtandao hafifu, na huwapata wengi wa mijini. Kila njia ina upande wake, kwa hiyo usilinganishe utafiti wa simu wa mwezi huu na wa ana kwa ana wa mwezi uliopita ukasema upepo umegeuka. Linganisha kampuni moja na yenyewe, kwa njia ileile na swali lilelile. Hapo ndipo tafiti zinapostahili sifa: mwelekeo wa miezi sita wa kampuni moja una maana kuliko picha moja ya wiki moja.

Kwa masuala ya kampeni, tafiti zinafaa zaidi kuliko kwa wagombea. Mwaka 2022 gharama ya maisha ilikuwa juu ya orodha ya matatizo, na hilo halikubabaisha mtu: serikali ilipolazimika kushusha pakiti ya unga ya kilo 2 hadi shilingi 100 mwezi Julai, kila mpiga kura alikuwa ameshajua kwa nini. Swali la "tatizo kubwa ni lipi" halitenganishi mirengo, kwani wote watajibu unga. Linalotenganisha ni "unamwamini nani kulitatua". Ruto alikuwa naibu wa rais wa serikali ambayo bei hizo zilipanda chini yake, na bado ujumbe wake wa hasla, yaani mtu wa kawaida anayehangaikia riziki, uliwavuta wengi waliotaka unga ushuke. Utafiti unaoishia kwenye orodha ya matatizo umekupa nusu ya kazi.

Kuelekea 2027, jedwali la 2022 limevunjika. Maandamano ya Juni 2024 yalifanya Mswada wa Fedha uondolewe, Rigathi Gachagua akatimuliwa unaibu rais Oktoba mwaka huohuo na baadaye akaanzisha chama chake cha DCP, ODM, chama cha Raila, ikaingia kwenye Serikali Jumuishi ya Ruto, kisha Raila akafariki Oktoba 15, 2025. Nyanza, ngome ya Raila, inapimwa bila jina lililogombea urais katika chaguzi kuu tano, Mlima Kenya unapimwa bila rais anayetoka huko kama 2022. Hapo swali la "unajihisi karibu na chama gani" halina uzito wake wa zamani. Mtu aweza kusema ODM na asijue ODM itamwelekeza wapi. Afadhali ulizia kampuni kama iliuliza wagombea kwa majozi: fulani dhidi ya fulani, wawili wawili.

Sheria ya mwaka 2012 kuhusu uchapishaji wa tafiti hizi inaagiza zitajwe: aliyelipia, aliyefanya, tarehe za mahojiano, idadi ya waliohojiwa, kiwango cha makosa na maswali yenyewe. Picha inayosambazwa kwenye WhatsApp yenye nembo na asilimia tu, bila hayo, usiipeleke mbele. Tafuta ripoti kamili kwenye tovuti ya kampuni kwanza. Kura za kubonyeza kwenye mtandao wa X na za ujumbe mfupi redioni si utafiti, maana aliyejibu alijichagua mwenyewe. Sheria hiyohiyo inakataza kuchapisha matokeo ndani ya siku 5 kabla ya uchaguzi, hivyo "utafiti wa siri" utakaokufikia baada ya Agosti 4, 2027 ama umevunja sheria ama haukufanywa kabisa.