SCANPST kwa ofisi za Lamu: hukarabati faili, haipunguzi

Katika ofisi nyingi za nyumba za wageni, Shela hata Mkomani, kompyuta moja ndiyo hubeba barua zote za bukingi: nakala za pasipoti, risiti za benki, tiketi za ndege zinazotua Manda, picha za vyumba. Zote hukaa ndani ya faili moja la Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, lenye kiishio cha .pst. Siku likijaa pomoni, barua mpya haziingii, zinazotoka hukwama kwenye Outbox, na kosa 0x8004060C hujitokeza. Hapo kila mtu hushauriwa aendeshe SCANPST. Ushauri huo ni nusu ya dawa, na kwa sababu hiyo zana njema hulaumiwa kwa kazi isiyokuwa yake.

SCANPST ni ya bure, imetengenezwa na Microsoft na huja pamoja na Outlook ya kawaida (classic) ya Windows. Hukagua muundo wa ndani wa faili, hutafuta folda na barua zilizopotezana na orodha zao, kisha huunganisha kinachounganishika. Kwa hilo tunaisifu bila kusita. Lakini ukiipa faili la GB 48 lililojaa, itakurudishia faili zima lenye uzito uleule au wa karibu. Kujaa na kuharibika ni maradhi mawili, ingawa kwenye mafaili ya muundo wa zamani moja huzaa jingine.

Kwanza jua kikomo chako. Muundo uliotumiwa na Outlook 97 hadi 2002 hauvuki GB 2. Outlook 2003 na 2007 ziliweka kikomo cha GB 20, na tangu 2010 ni GB 50. Mtego ni huu: faili lililozaliwa katika muundo wa zamani hubaki wa zamani hata ukilifungua kwa Outlook ya leo. Ofisi iliyorithi faili la miaka ya nyuma inaweza kukwama kwenye GB 2 huku diski ina nafasi tele. Dawa yake ni kuunda faili jipya na kuhamishia barua humo.

Lawama yetu ya kwanza kwa SCANPST ni kwamba imefichwa. Haimo kwenye menyu yoyote ya Outlook. Kwa Office 2016, 2019, 2021 na 365 itafute ndani ya C:\Program Files\Microsoft Office\root\Office16. Ikiwa Office ni ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64, anza na Program Files (x86). Faili la barua lenyewe kwa kawaida limo ndani ya Documents, folda ya Outlook Files.

Funga Outlook, kisha hakikisha kwenye Task Manager kwamba OUTLOOK.EXE imeondoka kweli. Nakili .pst mahali pengine kabla ya jambo lolote. Fungua SCANPST, bonyeza "Browse", chagua faili, bonyeza "Start". Ikiona makosa, acha alama ya kutengeneza nakala ikiwa imewekwa, ndipo ubonyeze "Repair". Nakala hiyo ya .bak ina ukubwa wa faili zima, kwa hiyo faili la GB 40 linadai GB 40 nyingine za nafasi tupu, mbali na nakala yako ya mwanzo. Kwenye laptopu yenye diski ya GB 256 hapo ndipo wengi hukwama.

Usiridhike na mzunguko mmoja. Rudia mpaka iseme hakuna makosa, maana kosa moja likiondoka huibua jingine lililokuwa nyuma yake. Faili kubwa huweza kuchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati ya ukarabati unaweza kutoka na faili bovu kuliko ulilolianza. Kompyuta ya mezani bila UPS (betri ya akiba ya umeme) isiguswe kwa kazi hii; laptopu yenye betri nzima ndiyo salama. Ukimaliza, fungua Outlook utazame folda ya Lost and Found, ikiwa imeundwa. Huko ndiko huwekwa barua zilizokosa kwao. Lawama ya pili ni hapa: barua ambayo zana imeshindwa kuiokoa huondolewa, na hakuna orodha inayosomeka ya kukuambia ni ipi.

Sasa kupunguza, kazi ambayo SCANPST haiifanyi. Panga folda kwa ukubwa na uanze na Sent Items, kwa sababu kila picha uliyomtumia mgeni imebaki humo. Futa kwa Shift na Delete. Delete peke yake huhamishia barua Deleted Items, ndani ya faili lilelile, na faili lililojaa linaweza kukataa hata uhamisho huo. Barua za miaka iliyopita zihamishie .pst mpya, moja kwa kila miaka miwili au mitatu. Sisi tunapendelea kila faili lisizidi GB 10, japo kikomo ni 50, maana dogo hukaguliwa upesi na hunakilika kwa urahisi. Zana ya Outlook ya kuhamisha kwa tarehe (AutoArchive) isaidie tu. Huangalia pia siku barua ilipoguswa mara ya mwisho, si siku ilipopokelewa peke yake, kwa hiyo barua kuukuu zinaweza kuachwa nyuma.

Baada ya kufuta, Windows bado itaonyesha ukubwa uleule, kwa kuwa nafasi iliyoachwa hubaki tupu ndani ya faili. Nenda File, Account Settings, Data Files, chagua faili, Settings, kisha "Compact Now". Hapo ndipo uzito hushuka.

Kuna wanaopendekeza kuongeza kikomo kwenye rejista ya Windows (Registry, hifadhi ya mipangilio yake) kupitia kipengele cha MaxLargeFileSize. Inawezekana, lakini hatuipendekezi: unaahirisha tatizo na kulikuza faili litakaloharibika.

Kama faili lako ni .ost, habari ni nyingine. Hilo ni kivuli cha barua zilizoko kwenye seva, na mara nyingi ni bora kulifuta ili lijijenge upya kuliko kulikarabati. Kwanza ingia kwa kivinjari uhakikishe barua zipo, na uhamishe kalenda na anwani zilizoandikwa "This computer only", maana hizo haziko kwenye seva. Pia pima bando lako, kwani barua zote zitashushwa tena. Watumiaji wa POP, njia ya kushusha barua kwenye kompyuta ambayo mara nyingi huziondoa kwenye seva, wasijaribu njia hii: huenda .pst yao ndiyo nakala pekee iliyobaki duniani.

Kazi hii ina wakati wake, nao ni msimu ambao nyumba nyingi huwa zimefungwa. Nakala zikae kwenye diski mbili, na usifungue .pst moja kwa moja kutoka kwenye diski ya mtandao. Irudishe kwanza kwenye kompyuta. Flashi iliyofomatiwa kwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi mafaili, haipokei faili la GB 4 au zaidi, hata ikiwa ya GB 128. Ifomati kwa exFAT kabla ya kuanza kunakili, na uondoe kilichomo kwanza.