Kijiti kwenye tundu la jicho: uzoefu wangu na kliniki ya macho

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeibakiza, na sababu nitaieleza. Jina la hospitali silitaji kwa kuwa humu kuna sifa na kuna lawama. Itoshe kusema ni hospitali kubwa ya Dar es Salaam nilikopelekwa kwa rufaa kutoka Korogwe.

Bodaboda ilinirusha nikaangukia uso kwenye uzio. Kope la juu lilichanika kidogo tu, upande wa pua. Zahanati wakanisafisha, wakanichoma sindano ya pepopunda, wakanipa dawa ya matone, na kidonda kikafunga. Baada ya wiki kadhaa kope likaanza kuvimba, usaha ukawa unatoka pale pale penye kovu. Nikimeza antibayotiki unakauka, dozi ikiisha unarudi. Nikitazama juu naona vitu viwili viwili.

Mapokezi na foleni ni kama hospitali yoyote ya serikali: wahi alfajiri, beba chai yako. Kilichonifanya niandike ni daktari bingwa. Kabla hajaligusa jicho aliniuliza habari za uzio.

"Uzio wa nini, kaka?"

"Wa fito, daktari."

"Fito kavu au mbichi?"

Nilidhani ananipotezea muda. Kumbe ukuni mkavu una hewa ndani yake, na kwenye picha ya CT hutokea mweusi kama hewa ya kawaida. Mti mbichi una maji, kwa hiyo hujificha katikati ya nyama na mafuta yanayolizunguka jicho. Asiyejua anatafuta nini anaupita hivi hivi. Chuma ni rahisi, kinang'aa hata kwenye eksirei. Mti kwenye eksirei ya kawaida mara nyingi hauonekani kabisa.

Halafu akanipima. Alinisomesha ile chati ya herufi E, jicho moja moja. Akamulika tochi jicho hili, akahamia lile, akarudi, akiangalia mboni zinavyosinyaa, maana mshipa wa fahamu wa jicho ukiumia mboni husinyaa kivivu. Akanionyesha kifuniko chekundu na kuniuliza kama wekundu ni uleule kwa macho yote mawili. Akanidondoshea dawa ya njano na kunitazama kwa taa ya bluu, kuona kama jicho lenyewe lilitobolewa. Halikutobolewa. Muda wote huo hakulibonyeza jicho hata mara moja, na alimkanya mwanafunzi aliyetaka kujaribu.

Sasa lawama. Fomu ya CT iliyoandikwa kule nilikotoka ilisema "uvimbe wa jicho" basi. Majibu yakaja: uvimbe, na hewa kidogo karibu na ukuta wa ndani wa tundu la jicho, yaani lile shimo la mfupa ambamo jicho hukaa. Hewa! Ningekuwa na daktari mwingine ningerudishwa nyumbani na dozi nyingine. Huyu aliichukua CD, akaifungua kwenye kompyuta yake, akabadilisha mwanga wa picha mpaka ule weusi ukajitenga, akanionyesha kwa kalamu. Mstari mnyoofu, kingo zimenyooka. "Hewa haikai wiki zote hizi," alisema, "na haichongeki hivi." Nyota ya tano imeishia hapo, kwenye fomu na majibu, maana maneno mawili tu, "kaangukia fito", yangemfanya msomaji wa picha aangalie kwa jicho jingine.

MRI, ile picha ya mashine ya sumaku, sikufanyiwa; daktari alisema CT imetosha. Alinieleza tu kwamba hata ingehitajika isingetangulia, kwa sababu kama kuna chuma ndani, sumaku ya mashine ile inaweza kukisogeza.

Kabla ya kusaini fomu ya upasuaji nilielezwa hatari bila kufichwa: damu kuvuja nyuma ya jicho, misuli ya jicho kuguswa, hata kupoteza uwezo wa kuona. Nilifanyiwa kwa nusu kaputi. Walipitia kovu lile lile, wakafuata njia ya usaha. Kijiti kilitoka vipande vitatu, kirefu kati yao kama njiti ya kiberiti, na ganda la mti lilikuwa bado limeng'ang'ania upande mmoja. Nilikabidhiwa kwenye kichupa. Daktari alisema waliosha na kutafuta tena na tena, maana ukuni ukibaki hata chembe, usaha unaanza upya. Usaha wenyewe ulipelekwa maabara ili dawa ichaguliwe kwa majibu.

Wodini kitanda cha jirani alikuwepo mzee mwenye punje ya risasi ya gobore nyuma ya jicho. Yeye hawakumpasua! Alilalamika sana kwamba vijana wanapendelewa. Muuguzi akamtuliza: "Baba, hiyo imetulia na iko ndani mno, kuifuata ni kuharibu zaidi." Kioo, plastiki na chuma kisicho na kingo kali vikitulia mara nyingi huachwa, mgonjwa akafuatiliwa. Mti karibu daima hutolewa.

Hali yangu sasa: naona vizuri, usaha umekoma, uwili umebaki nikitazama juu kabisa tu. Kope limelegea kidogo, nimeambiwa tusubiri.

Kwa atakayepata ajali ya namna hii: kitu kikiwa kimechomoza usikichomoe. Funika kwa kikombe cha karatasi bila kukandamiza, nenda. Ukifika, taja ulichoangukia, na hakikisha kimeandikwa kwenye fomu ya picha. Na usikubali kupewa zile filamu peke yake. Dai CD, kwa kuwa filamu haibadilishwi mwanga. Ya kwangu niliidai dirishani kwa kubishana, na ndiyo daktari aliyoifungua.