Zahanati ya kijiji chetu: huduma nzuri, dawa za kubahatisha, na nani wa kumuuliza

Ukiwa na mtoto mwenye homa, nenda zahanati ya kijiji kabla ya kukimbilia duka la dawa. Hilo nalisema bila kusita. Kipimo cha malaria cha kutoboa kidole kinatoa majibu mchana huo huo, na kama ni malaria mtoto anaanzishiwa dawa mseto pale pale. Kwa utaratibu wa Serikali yetu ya Tanzania, mtoto wa chini ya miaka mitano hatozwi, mjamzito hatozwi, na mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana msamaha wake. Wanangu wote wamepata chanjo zao pale, na sijawahi kuombwa hata shilingi.

Wauguzi wa zahanati yetu ninawasifu kwa dhati. Mama mkwe wangu ana presha, na kila tukifika yule nesi humsalimia kwanza, "Shikamoo bibi, umelalaje?", halafu ndiyo amfunge kile kitambaa mkononi. Ukutani kuna tangazo la kuwapisha wazee wapate huduma kwanza, na kwetu linafuatwa kweli: hata foleni ikiwa imefika barazani, bibi hupitishwa mbele na hakuna anayenung'unika. Tatizo ni kwamba watumishi ni wachache mno. Nesi anayepima presha ndiye huyo huyo anayechoma chanjo, ndiye anayegawa dawa dirishani, na akija mama mwenye uchungu kila kitu kinasimama mpaka ajifungue. Siwezi kumlaumu mtu anayefanya kazi ya watu watatu.

Sasa niseme kuhusu dawa, maana ndiko kunakoumiza.

Familia yetu ilijiunga na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ile iliyokuwa ya shilingi 30,000 kwa kaya ya watu sita kwa mwaka. Ukishakuwa na kadi, unatarajia kwamba dawa iliyoandikwa na tabibu utaipata dirishani. Lakini kwa kipindi kirefu vidonge vya presha vya mama mkwe havikuwapo. Jibu lilikuwa lile lile: "Mama, hiyo imeisha, kanunue hapo nje." Tukawa tunalipa mara mbili, mara ya kwanza kwenye kadi na mara ya pili dukani. Na presha si ugonjwa wa kusubiri mwezi ujao. Bibi akikosa vidonge kichwa kinamuuma, anashindwa kwenda shamba, na sisi nyumbani tunakaa roho juu.

Kijijini kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wengi walisema wauguzi wanauza dawa. Mimi sikuwa na ushahidi wa hilo, na nilipoanza kuulizia taratibu nikagundua kwamba maswali yetu tulikuwa tunayapeleka dirishani, kwa mtu asiye na majibu. Ndiyo sababu naandika haya kwa kirefu, kwa sababu naamini vijiji vingi viko pale tulipokuwa sisi.

Zahanati ya umma haiendeshwi moja kwa moja na Wizara ya Afya. Wizara inatunga sera na miongozo. Mwenye zahanati ni halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa. Dawa zinaagizwa MSD, yaani Bohari ya Dawa ya Serikali, na maombi ya zahanati yanapitia kwa mfamasia wa halmashauri. MSD wakiwa hawana dawa fulani, zahanati inaruhusiwa kuinunua kwa mshitiri, yaani muuzaji binafsi aliyeteuliwa, utaratibu unaoitwa Jazia, ulioanzia Dodoma mwaka 2014 kisha ukasambaa nchi nzima. Pesa za kununulia zipo kwenye akaunti ya zahanati yenyewe: tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya, ule unaochangiwa na wahisani, zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti za vituo badala ya kukaa halmashauri. Na juu ya hayo yote kuna kamati ya usimamizi ya zahanati, yenye wajumbe wanaotoka kwa wananchi, ambayo mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati, ndiye katibu wake. Kamati hiyo ndiyo inayopitisha mpango na bajeti, na wajumbe wake wanatakiwa kuwapo maboksi ya dawa yanapofunguliwa.

Jirani yangu ni mjumbe wa kamati hiyo na mimi nilikuwa sijui kazi yake ni nini hasa. Nilipomuuliza akanieleza wanavyofanya gari la MSD likifika. Wanaitwa, boksi zinafunguliwa mbele yao, wanahesabu kopo kwa kopo, wanalinganisha na karatasi ya gari, kisha wanasaini. Hesabu inaingia kwenye leja. Orodha ya dawa zilizopokelewa inabandikwa kwenye ubao wa matangazo, pale karibu na mlango wa chumba cha sindano. Nikaenda kuisoma. Ilikuwapo kweli, imefifia kwa jua, na kwenye mstari wa vidonge vya presha palikuwa pameandikwa sifuri. Basi dawa haikuibiwa. Haikuja.

Swali la kwa nini haikuja tukalipeleka kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule ambao kisheria unatakiwa kufanyika walau kila miezi mitatu. Nilisimama nikamwambia mwenyekiti kwamba nina ombi moja: mganga mfawidhi atusomee leja. Palikuwa na minong'ono, maana watu hawakuzoea, lakini mfawidhi hakukasirika. Alileta leja na jalada la maombi akasoma hadharani. Maombi ya dawa ya presha yalitumwa. MSD walijibu hawana. Zahanati ikaomba kibali cha kununua kwa mshitiri, fedha zikiwepo benki. Kibali ndicho kilichokwama halmashauri, kwenye meza ya mtu ambaye hakuna mgonjwa hata mmoja wa kijiji chetu aliyewahi kumwona uso. Muda wote huo sisi tulikuwa tunamnunia nesi.

Diwani wetu alikuwapo mkutanoni. Alichukua nakala ya maombi akalipeleka suala hilo kwenye baraza la madiwani. Kibali kilitoka, dawa zikaja, na hadi sasa vidonge vya bibi vinapatikana mara nyingi kuliko kukosekana. Bado havipatikani kila mara. Lakini tofauti ni kubwa, na iliyoleta tofauti ni karatasi iliyosomwa mbele za watu.

Kuna jambo lingine nalilalamikia waziwazi, nalo ni sanduku la maoni. Lipo, limepigiliwa ukutani na lina kufuli. Ufunguo anao mganga mfawidhi. Mgonjwa aliyetukanwa au kuombwa pesa isiyo halali atamwandikiaje karatasi mtu ambaye huenda ndiye anayelalamikiwa, au ni bosi wa anayelalamikiwa? Haishangazi kwamba sanduku hukaa tupu. Nimependekeza ufunguo uwe kwa mwenyekiti wa kamati, lifunguliwe mbele ya wajumbe, na majibu yabandikwe kwenye ubao ule ule wa dawa. Pendekezo lilipokelewa na halijatekelezwa. Kwa sasa mwenye lalamiko zito namshauri asitegemee sanduku. Apige 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, au atumie e-Mrejesho, mfumo wa Serikali wa kupokea malalamiko, kwa kubonyeza *152*00#, ambao hauhitaji simu janja. Na akiweza, aandike barua kwa mganga mkuu wa halmashauri, nakala kwa mtendaji wa kijiji, abaki na nakala yake yenye muhuri wa kupokelewa. Muhuri huo ni muhimu sana. Barua isiyo na muhuri huwa "haikufika".

Serikali yenyewe iliwahi kuvipima vituo vyake kwa mfumo wa nyota, kuanzia 2015/16, na vituo vingi viliambulia sifuri au nyota moja. Mimi niliupenda ule utaratibu kwa sababu ulikuwa unapima hata yale mgonjwa anayoyaona: choo, maji, faragha, lugha ya watumishi. Ningetamani matokeo ya kila zahanati yawe yanabandikwa mlangoni, kama bei za nauli zinavyobandikwa kituo cha basi, ili mwananchi ajue mwaka jana kituo chake kilikuwa wapi na mwaka huu kiko wapi.

Nikitakiwa kutoa nyota zangu: huduma ya wauguzi tano, usafi nne, muda wa kusubiri mbili, dawa tatu kwa sasa (zamani ningetoa moja). Usiku natoa moja, na hapa sitafuni maneno. Usiku zahanati yetu ina mtumishi mmoja au hayupo kabisa, na nyumba ya mtumishi iliyo jirani na zahanati haijakamilika kwa miaka. Wananchi tulichangia tofali na nguvu kazi, ukuta ukafika kwenye lenta, halmashauri ikaahidi kupaua. Bado haijapauliwa. Mama akishikwa na uchungu saa nane ya usiku tunapiga 115 kuomba usafiri wa m-mama, ule wa dharura wa wajawazito, na mpaka gari lifike kwa barabara yetu ya masika, ndugu wanaomba Mungu tu.

Kwa hiyo sasa tunalofuatilia ni suala la nyumba hiyo. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa zilizo mikononi mwa ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Tumeandika kuuliza mambo mawili: kiasi gani kilitengwa kwa ajili ya kupaua, na kimetumika wapi. Barua imesainiwa na wajumbe wa kamati na akina mama waliojifungulia njiani, imepokelewa kwa mkurugenzi na ina muhuri. Jibu likija litasomwa kwenye mkutano wa kijiji, na lisipokuja, diwani ameshaambiwa suala hilo liwe kwenye ajenda ya baraza lijalo.