Mihuri ya maua na karatasi za michoro: kipi ununue, kipi ukiache dukani

Ukiagiza vifaa vya kutengenezea kadi za mkono, mara nyingi utaletewa vitu viwili: shiti la mihuri ya plastiki angavu, la inchi 6 kwa 8 hivi, lenye maua, majani na maneno mawili matatu, pamoja na kitabu cha karatasi za michoro cha inchi 6 kwa 6. Tathmini hii ni ya vitu hivyo viwili, na ya wino na manila nyeupe, ambavyo haviji na kifurushi lakini ndivyo vinavyoamua kadi itoke vipi. Tuseme mapema tunakosimama: kitabu cha karatasi kinastahili bei yake karibu kila mara, mihuri inastahili ukichagua kwa makini, na pesa nyingi katika kazi hii hupotea pale mtu anaponunua seti ya pili na ya tatu ya mihuri kabla hajapata wino mzuri na manila nzuri.

Mihuri angavu iko ya aina mbili, na picha za muuzaji hazikusaidii kuzitofautisha. Ya fotopolima, aina ya plastiki, inaonyesha hadi upande wa pili bila ukungu, na inanata kidoleni. Ya silikoni ina weupe wa maziwa kwa mbali, inalegea mkononi, na wino wa maji hautulii juu yake: unaupaka, unakusanyika vitone vitone kama umande juu ya jani la mgomba. Silikoni inatosha kwa watoto na kwa wino mzito. Kwa petali zenye vivuli haifai, na hakuna ufundi utakaoiokoa. Muulize muuzaji seti yake imetengenezwa kwa nini. Akikwepa swali, nunua kwingine.

Hata fotopolima nzuri, ikiwa mpya, huja na utando mwembamba wa mafuta ya kiwandani. Dalili yake ni mabaka meupe katikati ya ua, na wengi hukimbilia kuulaumu wino. Usugue muhuri taratibu kwa ufutio mweupe wa penseli, uoshe kwa maji na sabuni ya vyombo, uukaushe, kisha uugonge mara tatu nne kwenye karatasi chakavu. Mabaka yataisha. Kuosha vivyo hivyo ndiko kunakorudisha unato wake unapoanza kudondoka kwenye kibao cha akriliki unachoubandika ili uupige. Usiuweke dirishani penye jua: unageuka njano na hatimaye unakuwa mgumu. Kubaki na doa la wino si tatizo, hakuhamii kwenye kadi inayofuata.

Ipo pia mihuri ya mpira mwekundu iliyobandikwa kwenye sponji. Inatoa mistari myembamba iliyo safi kuliko fotopolima na inadumu sana, ila huoni unapopiga. Kwa ua la mistari tu, la kupaka rangi baadaye, ni chaguo bora. Kwa ua la tabaka, yaani linalopigwa kwa mihuri kadhaa mmoja juu ya mwingine, utahitaji kifaa chenye mfuniko wa bawaba, kama MISTI, kinachorudisha muhuri mahali palepale kila unapofunika. Kifaa hicho kina faida nyingine kubwa: ua likitoka hafifu, unaongeza wino na kupiga tena palepale.

Ua la tabaka tatu ndilo linalouza seti hizi, na ndilo linalowashinda wanunuzi. Kila tabaka ni muhuri wake. Wa kwanza ni umbo zima la ua, karibu bila mapengo. Wa pili una vivuli vya kati. Wa tatu ni mikunjo ya petali na kiini. Unaanza na wino mwepesi na kumaliza na mzito. Kosa linaloonekana kuliko yote ni tabaka la pili kuhama milimita moja, na chanzo chake kwa kawaida ni jicho, si mkono. Kibao cha akriliki ni kinene, kwa hiyo ukikitazama kwa ubavu, mahali unapodhani muhuri upo sipo ulipo. Simama, inama mpaka jicho liwe juu kabisa ya ua. Tafuta alama moja ya kushikia, kwa mfano ncha ya petali iliyojitenga na wenzake, ilinganishe hiyo kwanza, kisha zungusha kibao kidogo kidogo mpaka ncha ya upande wa pili nayo ikubali. Ndipo ushushe mkono. Usijaribu kulinganisha ua zima kwa mara moja. Jicho linachoka na mkono unaanza kutetemeka.

Jambo la kuangalia kabla ya kulipa: seti nzuri ina mwongozo uliochapwa kwenye kifungashio, wenye namba za tabaka na picha ya ua lililokamilika. Baadhi ya maua yamechorwa ili tabaka la pili liache ukingo mwepesi wa milimita moja kuzunguka, na asiye na mwongozo hudhani amekosea. Seti isiyo na mwongozo iache. Vilevile tunapendelea seti yenye ua moja kubwa la sentimita 6 au 7, la kati moja, chipukizi na majani mawili, kuliko seti yenye vipande thelathini vidogo vidogo ambavyo kila kimoja kinahitaji kupangwa.

Unapopaka wino, laza muhuri chali na uugonge kwa pedi juu yake, kidogo kidogo, mpaka uone uso wote unang'aa sawasawa. Ukiusukuma muhuri ndani ya pedi, wino unajaa kwenye kingo na mistari myembamba inaziba. Kukandamiza ni kwa kiganja, wima, kwa muda wa kuhesabu hadi tatu, kisha unainua wima. Ukitikisa kibao kulia na kushoto, kingo za plastiki zinagusa karatasi na kuacha mstari wa uchafu kuzunguka ua. Chini ya karatasi weka kitu laini kilicho bapa, kama pedi ya mausi au karatasi kumi za fotokopi. Meza ya mbao ina mabonde usiyoyaona, na hayo ndiyo yanayofanya nusu ya petali itoke hafifu kila mara upande uleule.

Kwa maua ya tabaka, nunua wino wa dai, ule unaonyonywa na karatasi, rangi tatu za ukoo mmoja: waridi jepesi, waridi, na waridi lililokolea. Lakini hata mwenye pedi moja anaweza kupata tabaka tatu. Muhuri wa kwanza upake wino, uugonge mara mbili kwenye karatasi chakavu, kisha bila kuongeza wino upige kwenye kadi. Wa pili uugonge kwenye chakavu mara moja kabla ya kadi. Wa tatu upige ukiwa na wino wake wote. Unapata ua la rangi moja lenye vivuli vitatu, na kwa macho yetu linapendeza kuliko maua mengi ya pedi tatu zilizochaguliwa ovyo.

Kwa maua ya mistari yatakayopakwa rangi kwa kalamu za spiriti kama Copic, wino mweusi wa Memento, wa Tsukineko, ndio wa kununua. Unakauka upesi na spiriti haiupakazi. VersaFine, wa kampuni hiyohiyo, ni wa pigimenti, yaani wa chembe za rangi zinazokaa juu ya karatasi. Kwa maneno na mistari myembamba hatujaona unaoushinda, lakini ukipitisha kalamu ya spiriti juu yake unavurugika. StazOn uuachie vioo na plastiki. Ni wino wa kiyeyushi na unaitia fotopolima madoa yasiyotoka. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam wakati wa masika, wino wa pigimenti unachelewa sana kukauka, basi ziache kadi wazi hadi kesho yake kabla ya kuzipanga. Njia ya mkato ni unga wa kuyeyusha: unaumwaga juu ya wino ungali mbichi, unakung'uta uliozidi, unaupasha kwa mashine ya hewa ya moto mpaka ung'ae. Zima feni kwanza, na kabla ya kupiga muhuri pitisha juu ya karatasi kitambaa chenye poda kidogo, kwa sababu unga hung'ang'ania kila mahali palipoguswa na kidole chenye jasho.

Manila ndipo watu wanapobana matumizi pasipofaa. Ile ya shule ya gramu 160 ni laini mno kwa msingi wa kadi; inasimama siku ya kwanza, ya pili imeinama. Tafuta gramu 250 hadi 300. Aivori ya wachapaji, karatasi nene ya kuchapia kadi, inafaa kwa uzito, ila huwa na upande mmoja uliopakwa ung'avu. Piga muhuri upande usiong'aa, la sivyo wino utaelea na kuteleza. Aliye Marekani au Kanada atapata kwa urahisi Neenah ya Solar White: ya pauni 80 kwa sehemu ya kupigia muhuri, ya pauni 110 kwa msingi.

Karatasi ina nyuzi zinazolala upande mmoja, na mkunjo unaokata nyuzi hizo hupasuka na kuonyesha weupe wenye manyoya. Katika A4 nyingi nyuzi zinafuata urefu. Kwa hiyo ukiikata katikati ya urefu kupata vipande viwili vya A5, kisha ukakunja kila kimoja kwenye milimita 105, mkunjo unafuata nyuzi na kadi inafunga vizuri. Ukiikata A4 kwa urefu, 105 kwa 297, na kuikunja juu, mkunjo unazikata nyuzi na manila nzito inapasuka. Kwa vyovyote, usikunje kabla ya kuchora mfereji. Kalamu ya bolpeni iliyoisha wino na rula vinatosha. Chora upande wa nje, kisha kunja ukiliacha tuta lililojitokeza libaki ndani. Wengi hufanya kinyume, wakashangaa mkunjo unavyovimba. Kadi hiyo, 105 kwa 148, inaingia kwenye bahasha ya C6 ya milimita 114 kwa 162.

Sasa kitabu cha karatasi za michoro. Karatasi moja ya inchi 6 ni milimita 152 kwa 152. Ukikata kipande cha 95 kwa 138 kwa ajili ya uso wa kadi, kinabaki ukanda wa 57 kwa 152, na huo si takataka: milimita 30 zake zinafanya mshipi wa kadi nyingine, zinazobaki zinapamba ndani au mfuniko wa bahasha. Ndiyo maana kitabu kinalipa. Ubora wake utaupima kwa mambo mawili. Chana kona ya karatasi moja: kiini kikiwa cheupe na rangi ni ya juu tu, kila ukingo uliokatwa utaonekana, hivyo utalazimika kuupaka wino kwa sponji. Kisha gusa mchoro kwa kidole chenye unyevu. Kidole kikitoka na rangi, gundi ya maji itauharibu mchoro.

Kasoro ya vitabu hivi ni kwamba daima kuna miundo mitatu minne usiyoitaka, na michoro mikubwa isiyolingana na kadi ndogo. Ua la sentimita 8 lililochapwa kwenye karatasi likikatwa kwa kipande cha A6 linabaki kipande cha petali kisichosomeka. Angalia kitabu kina nini zaidi ya maua: kinapaswa kuwa na nukta, mistari au miraba midogo, kwa sababu hivyo ndivyo vinavyobeba ua la muhuri. Ua la muhuri likiwekwa juu ya karatasi ya maua hupotea kabisa. Ukiipenda sana hiyo ya maua, piga muhuri kwenye kipande cheupe cha 70 kwa 100, kibandike juu ya kipande cha rangi tupu cha 76 kwa 106, ndipo ukiweke juu ya michoro. Ule ukingo wa milimita 3 unalipatia jicho mahali pa kupumzika.

Karatasi ya kufungia zawadi inaweza kushika nafasi ya kitabu, lakini ni nyembamba na gundi ya maji huikunja mikunjo midogo isiyonyooka tena. Ibandike kwa selotepu ya pande mbili, ukianzia katikati kwenda nje. Kwa karatasi nzito gundi nyeupe ni nzuri, kwa kuwa inakupa sekunde chache za kusogeza. Iweke mistari myembamba, mbali na ukingo milimita 3, kisha kandamiza chini ya vitabu. Utepe wa sponji unaoinua ua ni mzuri wa milimita 1. Wa milimita 2 ukiuweka mara mbili, bahasha haifungi.

Tumeacha maneno mwisho kwa sababu hapo ndipo seti zinapotuangusha waziwazi: karibu zote zina maneno ya Kiingereza. Dawa iko mtaani. Mafundi wanaotengeneza mihuri ya ofisi wanaweza kukukatia maneno yako, na usilipie mpini wenye wino ndani. Omba mpira mtupu, ubandike kwenye kibao chako. Peleka maandishi meusi kwenye karatasi nyeupe, herufi nene zenye urefu usiopungua milimita 5, kwa maana mwandiko mwembamba wa madaha huziba wino. Dai uone chapa kwenye karatasi kabla ya kulipa, uangalie hasa tundu za a, e na o. Ukiwa na pesa ya muhuri mmoja tu, uwe Hongera: unatosha kwa harusi, mahafali na mtoto mchanga. Wa pili uwe Pole, na huo upigie ua la kijivu la tabaka moja.