Tathmini ya SageMath: kila kitu na mzazi wake

SageMath, programu huria ya hisabati iliyojengwa juu ya Python, imesimama juu ya uamuzi mmoja: kila kitu cha aljebra kina mzazi, yaani seti ya kihisabati ambamo kimo. Mzazi wa `3` ni `ZZ`, namba kamili. `GF(7)(3)` huchapishwa vilevile, 3, ila mzazi wake ni fildi ya memba 7, yaani seti ndogo ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya ambamo huhesabiwa mabaki tu ya kugawanya kwa 7 (moduli 7). Ukiwa na shaka, uliza `parent(...)`.

Utamu wake uko kwenye kujumlisha. Polinomia ya `ZZ['x']`, yenye namba kamili tu, ikikutana na `1/2`, jibu halitoshei kwa mzazi yeyote kati ya hao wawili, basi programu inapanda yenyewe hadi `QQ['x']`, polinomia zinazoruhusu namba za sehemu. `GF(7)(3) + 5` inatoa 1. Lakini `GF(7)(3) + 1/3` inakataliwa, na ni haki, maana si kila sehemu ina thamani katika moduli 7, `1/7` haina. Ukiitaka kweli, andika `GF(7)(1/3)` upate 5. Hapa wabunifu wamepatia kabisa.

Kwenye usawa, sivyo. `GF(7)(3) == 10` ni kweli, ila hashi zao (namba ambazo Python hutumia kutafuta funguo) ni tofauti, kwa hiyo usizichanganye kama funguo za kamusi (`dict`) moja.

Kinachosumbua zaidi ni njia ya mkato. `R.<x> = QQ[]` huunda ringi (hapa, seti ya polinomia za `x`) na kukupa `x` yake papo hapo. `R = PolynomialRing(QQ, 'x')` huunda ringi tu; `x` inabaki ile ya ishara iliyokuwapo tangu programu ilipofunguliwa, na `f = x^2 + 1` haitakuwa memba wa `R`. Ongeza `x = R.gen()` kabla ya kuandika `f`, kisha `f.change_ring(GF(5)).factor()` itatoa `(x + 2) * (x + 3)`.

Tena mkato huo si Python halisi. SageMath huutafsiri kwanza. Ndani ya faili ya `.py` tafsiri hiyo haifanyiki: `R.<x>` inagoma, afadhali, lakini `2^3` inatoa 1 na `1/2` inatoa 0.5 bila onyo lolote. Andika `2**3` na `QQ(1)/2`, au pitisha faili ya `.sage` kwenye `sage --preparse`.

Na `GF(9)` si moduli 9, ni fildi ya memba 9 ambamo 1 + 1 + 1 ni sifuri: `GF(9)(3)` ni sifuri. Kwa moduli 9 tumia `Zmod(9)`.