Kiti kimoja, nauli tano: herufi ipi uchukue ukikata tiketi ya ndege Kigoma

Sisi wa mwisho wa reli tumekulia kwenye madaraja ya kuonekana kwa macho. Kwenye treni ya kati, daraja la kwanza lina kitanda na mlango wa kufunga, la pili kulala mnapangana sita chumba kimoja, la pili kukaa unafika Tabora shingo imepinda, na la tatu kila mtu analijua. Ukiongeza hela, unalala. Basi mtu akipanda ndege mara ya kwanza anaitafuta tofauti hiyohiyo. Akisikia tiketi yake ni Q na ya jirani ni M, yaani herufi za aina ya nauli zilizoandikwa kwenye tiketi, anageuka kuangalia kiti cha M kina nini. Hakina kitu. Kiti kilekile, mkanda uleule, na soda mnayopewa ni ileile.

Mwaka juzi, kwenye ndege ya kwenda Dar, nilikaa na mama mmoja wa Ujiji anayeuza vitenge. Tukalinganisha karatasi zetu, nikakuta amenizidi kwa laki moja na ushee. Nikamwonea huruma, nikamwambia mama, umepigwa. Akacheka. "Mwanangu, mimi siku yangu ya kurudi siijui. Mzigo ukikwama Kariakoo, nabadili tarehe. Wewe je?" Mimi nisingeweza kubadili chochote. Yule mama hakuwa amenunua kiti bora kuliko changu. Alikuwa amenunua ruhusa ya kubadili mawazo, na hiyo ndiyo bidhaa inayouzwa nyuma ya zile herufi.

Wauza samaki wa Kibirizi wangeshangaa jinsi biashara hii inavyokwenda. Mwenye migebuka, jua likizama, anashusha bei, maana kesho hawatafaa. Shirika la ndege lina shida kama yake: kiti kitupu, ndege ikisharuka, kimeoza palepale. Lakini lenyewe hupandisha bei kadiri siku inavyokaribia. Sababu ni mnunuzi. Anayekuja mwezi mmoja kabla ana harusi au likizo, ana muda wa kuchagua, na ukimtajia bei kubwa anakwenda stesheni. Anayekuja leo kwa ndege ya kesho ana msiba, mgonjwa au kesi. Huyo atalipa. Marekani, American Airlines walilitumia wazo hili mwaka 1977 kwa nauli za bei poa walizoziita Super Saver: ununue mapema, ukubali masharti, upunguziwe. Sasa ni utaratibu wa dunia nzima. Viti vya ndege moja vinagawanywa mafungu kwenye kompyuta, kila fungu na herufi yake, bei yake na masharti yake. La chini likiisha, mnunuzi anayefuata anapewa la juu yake. Kwa hiyo wakala akikutajia bei tofauti na ya jana si lazima awe amekuongezea cha juu. Pengine fungu limeisha.

Kwa mashirika mengi, Y ni nauli kamili ya daraja la kawaida. B, M na H huwa karibu yake. K, L, Q, T na V huwa chini. J, C na D ni daraja la biashara, na F ni la kwanza, ambalo kwa safari za kutoka hapa kwetu lisikusumbue kichwa. Usizikariri sana lakini. Kila shirika hupanga ngazi zake, na M ya hawa inaweza kuwa na masharti ya Q ya wale. Herufi ikuambie uko ngazi ya ngapi, kisha uulize masharti yake.

Sasa nipange, kwa msafiri wa Kigoma au Tabora anayekwenda Dar na kurudi.

Ya kwanza: herufi za katikati, zile zilizo kati ya Y na Q. Najua wengi wangeweka ya bei ya chini hapa. Lakini hebu angalia tunasafiri kwa ajili ya nini: rufaa ya hospitali, usaili, mzigo, mirathi. Hakuna hata moja ambayo tarehe yake unaimiliki wewe. Nauli ya katikati kwa kawaida inakuruhusu kusogeza safari kwa kulipa faini inayovumilika, na mara nyingi sehemu ya hela inarudi ukiahirisha kabisa.

Hapo kuna mtego mmoja. Kubadili tarehe kuna gharama mbili, na watu husikia moja. Kuna faini ya kubadili, halafu kuna tofauti ya nauli. Tuseme ulinunua kwa 250,000 na faini ni 40,000. Siku mpya unayoitaka fungu lako limekwisha, lililobaki ni la 330,000. Hulipi 40,000, unalipa 120,000. Hata tiketi iliyoandikwa kwamba kubadili ni bure, tofauti ya nauli iko palepale. Ukipiga simu mapema, nafasi ya kukuta fungu lako bado lina viti ni kubwa zaidi, kwa hiyo ukijua tu kwamba safari imeyumba, usingoje hadi usiku wa kuamkia safari.

Ya pili: ya chini kabisa, zile Q, T, V na ofa za msimu. Ni nzuri mno kwa safari ambayo hata mvua ya mawe haiisogezi: ndoa iliyokwisha tangazwa kanisani, wanafunzi wanaorudi shule, mkutano unaolipiwa na wengine. Nje ya hapo ni bahati nasibu.

Mimi nilicheza nikaliwa. Mama yangu alikuwa na miadi ya macho Dar, nikachukua ya bei ya chini kwenda na kurudi, nikajisifu nyumbani kwamba nimeokoa hela ya kula wiki nzima. Siku tatu kabla, kliniki ikapiga simu kusogeza miadi wiki mbili mbele. Nikaenda kwa wakala, kule mtaa wa Mwanga, nikiwa na karatasi yangu imekunjwa vizuri. Akaisoma kimya, akaandika hesabu nyuma ya risiti: faini, tofauti ya kwenda, tofauti ya kurudi. Jumla ilikaribia tiketi mpya. "Kaka, ungeniambia ni hospitali," akasema, kwa upole kabisa. Hakuniuliza, na mimi sikusema. Tangu siku hiyo nikifika dirishani nataja sababu ya safari kabla ya kutaja tarehe.

Sharti jingine la ngazi hii linahusu kutotokea uwanjani. Ukikosa ndege bila kutoa taarifa, tiketi za chini mara nyingi hufa zote. Na hili liwahusu hata wenye tiketi ghali: miguu ya safari, yaani wa kwenda na wa kurudi, hutumiwa kwa mpangilio wake. Kuna rafiki yangu alipata lifti ya gari la ofisi hadi Dar, akaacha mguu wa kwenda, akapanga kutumia wa kurudi tu. Alipofika kaunta aliambiwa safari yote ilifutwa siku ile ambayo hakuonekana Kigoma. Angepiga simu kabla, huenda wangemlipisha kitu akabaki na mguu wake. Ukipoteza nauli, uliza pia kodi na tozo za uwanja. Hata pale nauli hairudi, mara nyingi hizo hurudishwa kwa kuwa safari haikufanyika, na asiyeuliza hapewi.

Ya tatu: Y, nauli kamili. Wengi wanainunua bila kukusudia, kwa kuwa wamekuja jana yake na ndiyo iliyobaki. Ya kuinunua kwa hiari ni kwa mgonjwa ambaye daktari hajasema atatoka lini, au mfanyabiashara kama yule mama wa vitenge. Kwa mwingine yeyote ni kulipia mwavuli kiangazi.

Ya nne: daraja la biashara. Bombardier Q400 za Air Tanzania zina viti 76, na sita tu ndivyo vya daraja hilo. Kwa safari ya saa mbili na ushee, huo upana wa kiti sijaona thamani yake, isipokuwa kwa mtu wa magoti au mwenye mizigo mingi, kwa kuwa kilo za mizigo huongezeka. Piga hesabu ya kilo za ziada kwanza. Na mawese yako hata daraja la biashara halitayatetea: uliza kabla kama wanayapokea, yafunge madumu kwa utepe wa gundi na mfuko juu yake. Dumu likivuja kwenye mikanda ya mizigo, shati la jirani utalifua wewe.

Chini ya herufi kuna maandishi marefu kidogo, kwenye mstari uliochapwa "Fare basis". Watu huyaruka kama namba ya mashine, kumbe yanasomeka. Chukua mfano wa kutunga: QLXRT1M. Q ni fungu. L ni msimu wa chini. Ingekuwa H, ni msimu wa juu. X ni siku za katikati ya wiki, W mwisho wa wiki. RT ni kwenda na kurudi, OW kwenda tu. 1M ni muda wa mwisho wa kukaa, mwezi mmoja. Ukitaka kurudi baada ya wiki sita, hiyo nauli haikufai hata ukilipa faini. Si kila shirika hufuata mpangilio huu, na siku hizi wengine huandika kifupi cha jina la ofa tu, ila ukiona namba na M mwishoni, simama uulize. Za watoto utakuta CH25 au IN90: mtoto amepunguziwa asilimia 25, mchanga wa mapajani asilimia 90, yaani analipa kumi. Mchanga ni yule ambaye hajafika miaka miwili, na akifikisha miwili kabla ya siku ya kurudi, mguu wa kurudi atahitaji kiti. Mwambie wakala tarehe ya kuzaliwa, usiseme "bado mdogo".

Tena, ukichanganya herufi mbili, ya chini kwenda na ya katikati kurudi, kwa kawaida masharti magumu zaidi hutawala tiketi nzima, hasa kwenye kurudishiwa hela. Mtu anadhani amejihakikishia nusu ya safari, kumbe amelipia zaidi bila faida.

Wenye familia wasikilize hapa, maana ndipo hela nyingi inapopotelea. Mko wanne. Fungu la Q limebakiza viti viwili kwa 210,000, la L lina vingi kwa 260,000. Ukiomba wanne kwa pamoja, mfumo hautafuti wawili huku na wawili kule. Unatafuta fungu lenye nafasi nne, na wote mnauziwa L: 1,040,000. Omba wawili, kisha wawili: 940,000. Laki moja imebaki mfukoni kwa kuuliza mara mbili. Ubaya wake ni kwamba mnakuwa na namba mbili za safari, na ndege ikiahirishwa mnaweza kupangiwa siku tofauti. Usimweke mtoto peke yake kwenye namba yake, na mwombe wakala aziunganishe kwa maelezo.

Anayekwenda mbali, tuseme Guangzhou kufunga mzigo, apange tofauti. Bei ya herufi isimshike sana kuliko jambo moja: tiketi iwe moja kuanzia Kigoma. Ukinunua ya Kigoma hadi Dar peke yake na ya nje peke yake, ndege ya asubuhi ikichelewa, shirika la pili halina deni na wewe. Kwenye tiketi moja, anayekuchelewesha anawajibika kukufikisha. Ndege ikifutwa na shirika lenyewe, yale masharti ya herufi yako hayapaswi kutumiwa dhidi yako; dai nafasi nyingine au hela, na wakikuzungusha, kuna baraza la watumiaji wa huduma za anga chini ya TCAA, Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania.

Mwisho wa yote, hakikisha jina ni la kitambulisho cha NIDA, si lile la kijiweni, kisha kabla hujalipa kwa simu mwombe wakala akugeuzie kioo cha kompyuta. Utaona mstari kama Y9 B9 M6 K2 Q0. Ni viti vilivyobaki kila fungu, na 9 maana yake ni tisa au zaidi. Ukikuta Q0, muulize kama kuna oda ambazo hazijalipiwa. Zikipita muda wake hufutwa, na viti vyake vinaweza kurudi kwenye fungu, wakati mwingine usiku huohuo.